Kumeza na Kuhifadhi

Lugha yetu ina maneno matatu kwa jambo ambalo wengi hudhani ni moja. Tunasema mtoto amekariri, tunasema amemeza, tena tunasema amehifadhi. Kukariri ni kurudia jambo mara nyingi. Kumeza ni kuliteremsha tumboni bila kulitafuna. Kuhifadhi ni kulitunza mahali pema, ili siku litakapohitajika litoke likiwa zima. Aliyeishika Kurani yote kwa moyo huitwa hafidh, yaani mtunzaji, wala sijapata kusikia akiitwa mmezaji. Wazee waliotuachia maneno haya walijua kwamba kichwa kinaweza kuwa ghala, na kinaweza pia kuwa tumbo.

Nimeyafikiri maneno haya kwa miaka mingi kwa sababu kazi yangu ilinilazimisha. Nilianza kama mwalimu wa Kiswahili, nikamalizia kama mkuu wa chuo cha ualimu, na kila nilipokwenda nilijitwisha mzigo wa kuongoza michezo ya jukwaani. Mchana niliwafundisha wanachuo kwamba kukariri bila kuelewa ni adui wa elimu. Jioni, bwaloni, meza zikiwa zimesogezwa ukutani, niliwadai wanachuo walewale maneno ya tamthilia neno kwa neno. Mmoja wao, kijana mcheshi, aliniuliza siku moja amwamini mwalimu yupi kati ya hao wawili. Swali lake lilikuwa la haki. Insha hii ndiyo jibu langu, na katika kulijibu nitazipima baadhi ya tamthilia zetu kwa kipimo ambacho wahakiki wetu hawakitumii sana, nacho ni kinywa cha mtu anayejifunza kuzisema.

Tuanze na mmezaji, kwani yeye hutambulika kwa mbali. Utamwona akizunguka chini ya mwarobaini, kitabu kifuani, midomo ikichezacheza. Anashika mstari wa kwanza, halafu wa kwanza pamoja na wa pili, halafu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Maneno yake yamefungwa kama mabehewa ya gari moshi, kila moja likivutwa na lililo mbele yake. Likikatika moja, yote yaliyo nyuma yanabaki njiani. Ndiyo maana mmezaji akipotewa na neno jukwaani hurudi mwanzo wa usemi wake ili achukue mbio upya, na watazamaji wakacheka. Lakini ana kasoro nyingine ambayo watazamaji hawaioni, ingawa mwenzake jukwaani huisikia uchungu wake: mmezaji hasikilizi. Anangoja tu sauti ya mwenzake inyamaze ili naye apite.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha kitabu juu ya kumbukumbu, na aliyejaribiwa humo alikuwa yeye mwenyewe. Alitunga silabi nyingi zisizo na maana yoyote, akazikariri, kisha akapima muda uliohitajika kuzikariri tena baada ya saa, siku na wiki kadhaa. Alizitaka silabi zisizo na maana kwa makusudi, ili maana isije ikamsaidia. Aligundua kwamba kusahau huenda mbio sana mwanzoni kisha hupunguza mwendo, na kwamba marudio yaliyotawanywa katika siku kadhaa yanafaa kuliko marudio yaleyale yaliyorundikwa katika siku moja. Haya ni mafundisho mazuri, nasi tuliyafundisha vyuoni. Lakini tazama mmezaji anachofanya. Amepewa maneno ya mtunzi mkubwa, yenye hasira, hila na huruma ndani yake, naye anayageuza kuwa silabi za Ebbinghaus. Anaitupa nje maana, halafu anashangaa kwa nini mzigo ni mzito.

Watu waliochunguza jambo hili kwa waigizaji wenyewe walikuja baadaye sana. Huko Marekani, Helga Noice, mwanasaikolojia, na Tony Noice, mwigizaji na mwongozaji, walifanya uchunguzi wa miaka mingi na kutoa kitabu chao mwaka 1997. Waliona kwamba mwigizaji mzoefu haanzi na maneno. Anayachambua mazungumzo kipande kwa kipande akiuliza: hapa mtu huyu anataka nini kwa mwenzake? Anamwomba, anamtisha, anamtega, anamliwaza? Akishapata jibu, maneno humfuata, mengi yakija bila kuitwa. Waliona pia kwamba maneno yaliyosemwa pamoja na mwendo hukumbukwa vizuri kuliko yaliyosemwa mtu akiwa amesimama tu. Niliposoma habari zao nilifurahi kama mkulima anayeambiwa na bwana shamba jambo ambalo jembe lake lilikwisha kumwambia.

Kwani jembe langu lilikuwa limeniambia. Nilijifunza kuwataka wanachuo waanze na maneno madogo, yale ambayo mmezaji huyadondosha kwanza: basi, kumbe, mbona, ati, hata hivyo. Mmezaji huyaona kama makapi. Lakini jaribu kusema "kumbe" kwa haki bila kuwa umegundua jambo sekunde hiyohiyo, haiwezekani. Huwezi kusema "mbona" bila kuwa na dai dhidi ya mtu aliye mbele yako. Huwezi kusema "ati" bila kulitilia shaka, au kulidhihaki, neno la mwingine. Maneno haya ndiyo bawaba za mlango. Mwanachuo akizishika bawaba, mlango wenyewe hauanguki.

Kiswahili kinatusaidia kwa njia nyingine pia. Sarufi yetu ni ya jamaa wanaofanana sura: ukisahau jina la kitu lakini ukakumbuka kwamba kitendo chake kilianza na "li-", umekwisha kupunguza watu wa kutafutwa, kwani anayetafutwa ni wa ukoo wa neno, jambo, jua na jina. Mara nyingi nilimsikia mwanachuo akikwama, akarudia kiambishi chini ya pumzi, na neno lililopotea likaja lenyewe, kama mtoto anayeitika sauti ya mama yake.

Sasa tuzipime tamthilia zenyewe. Kabla yake, lakini, yapo majibizano ambayo kizazi changu kiliyahifadhi zaidi ya chochote kingine: ngonjera. Mathias Mnyampala alizitungia UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 hapakuwa na shule ya Tanzania isiyokuwa na watoto wawili waliosimama mbele ya wageni, mmoja mjinga, mwingine mjuzi, wakijibizana kwa beti hadi mjinga akasalimu amri. Kama ni suala la kumbukumbu peke yake, ngonjera inashinda. Vina vinakuambia mstari unaishia wapi, mizani inakuambia umebakiwa na nafasi ya silabi ngapi, na mdundo unakubeba kama mtumbwi unavyobebwa na mkondo. Nawajua wazee wenzangu ambao hawakumbuki walichokula jana, lakini uwaanzishie ubeti mmoja, wataumaliza.

Hata hivyo vina vina hatari yake. Mtoto wa ngonjera hakuhitaji kumsikiliza mwenzake, kwa kuwa ubeti wake ulikuwa tayari, umefungwa pande zote. Mjinga angebadili hoja, mjuzi angejibu vilevile. Ndiyo maana ngonjera nyingi, zikisemwa jukwaani, zinasikika kama watu wawili wanaosali dua mbili tofauti kwa zamu. Simlaumu Mnyampala: alikuwa akifundisha, na alichokusudia alikipata. Lakini kihifadhiwacho kwa urahisi si lazima kiwe hai, na mtu asije akadhani kwamba kipimo changu ni wepesi tu.

Mfano wa pili ni tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mchezo wa Shakespeare, *Julius Caezar*, iliyotoka mwaka 1963, akiwa Rais, na kurudi ikiwa imesahihishwa mwaka 1969 kwa jina la *Juliasi Kaizari*. Mwalimu aliyaacha mashairi yabaki mashairi, lakini bila vina. Wanachuo wangu, waliolelewa na tenzi na ngonjera, walihofu mwanzoni: mstari usio na kina unashikwa wapi? Wakagundua kwamba unashikwa kwa kazi inayofanywa.

Chukua maziko ya Kaizari katika sehemu ya tatu. Shakespeare anawapandisha wasemaji wawili, mmoja baada ya mwingine. Brutus anasema kwa nathari, hotuba iliyopangwa kwa akili, sentensi moja ikiipima nyingine kama mizani ya duka. Antony anasema kwa ushairi, na hotuba yake ni ndefu mara kadhaa. Mtu asiyejua angesema Antony ndiye mgumu kujifunza. Miaka yote niliyoongoza mchezo huu, ilikuwa kinyume. Antony anatembea juu ya vitu. Ana sifa moja anayoirudia juu ya Brutus na wenzake, na kila inaporudi imechacha zaidi. Ana wosia anaouonyesha kisha anakataa kuusoma. Anashuka mimbarini. Anashika joho la marehemu, anakumbuka jioni lilipovaliwa mara ya kwanza, anagusa tundu moja moja na kumtaja mwenye kisu. Ndipo anaufunua mwili. Ndipo anarudi kwenye wosia ambao umati, kwa hasira yake, umekwisha kuusahau. Mwigizaji anayejua vitu hivyo vimepangwa vipi hawezi kupotea, kama mtu asivyopotea kijijini kwao: baada ya mwembe ni kisima, baada ya kisima ni msikiti.

Brutus hana joho wala wosia, ana hoja tu. Mwigizaji wa Brutus akipotewa na kiungo kimoja cha hoja, hana cha kushika mkononi. Lakini hapa pana siri ambayo sikuifahamu kwa kusoma, nimeifahamu kwa kuwasikiliza vijana wakihangaika. Ugumu wa Brutus kwa mwigizaji ndio udhaifu wa Brutus kwa umati. Hotuba isiyo na kitu cha kushika haikai kichwani mwa anayeisema, na haikai kichwani mwa anayeisikia pia. Umati unampigia makofi, na baada ya dakika chache umemsahau. Shakespeare ameliandika anguko la Brutus ndani ya sentensi zake zenyewe, na anayejifunza nafasi hiyo hulijua kabla ya mhakiki.

Wala si ajabu kwamba mtunzi huyo alijua kumsaidia mwenye kusema. Waigizaji wa London wa siku zake hawakupewa kitabu kizima. Kila mmoja alipewa karatasi yenye maneno yake peke yake, na mbele ya kila usemi maneno machache ya mwisho ya yule anayemtangulia. Karatasi moja ya namna hiyo ingali hai, ya mwigizaji Edward Alleyn kwa nafasi ya Orlando, na imehifadhiwa Dulwich College. Mchezo ulibadilishwa karibu kila siku. Mtu aliyefanya kazi hivyo alilazimika kusikiliza, kwa sababu hakujua mwenzake atasema nini hadi asikie neno lake la mwisho. Nilipoanza kuwanakilisha wanachuo maneno yao kwa mkono, kila usemi ukitanguliwa na neno la mwisho la mwenzao, nusu ya umezaji ilikufa.

Nije nyumbani kabisa, kwenye *Kinjeketile* ya Ebrahim Hussein, iliyochapishwa mwaka 1969. Kinjeketile wa historia alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita vya Maji Maji vikiwa ndiyo kwanza vinaanza. Kinjeketile wa Hussein anaishi hadi mwisho wa vita ili apate kubeba swali ambalo historia haikumpa muda wa kulibeba: mtu afanye nini na neno alilolisema, likikua hadi likamzidi nguvu?

Mwaka mmoja tulikuwa na mwanachuo aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake. Shule aliyosoma ilikuwa imempa barua iliyosema bila kificho kwamba hana kumbukumbu, na mtu aliyeambiwa hivyo na walimu wake kwa miaka kumi huishia kuamini. Alikuja kwenye mazoezi ili asaidie kubeba viti. Nikampa nafasi ya Kitunda, kiongozi wa vita. Wenzake walinong'ona. Nilimnyang'anya kitabu, nikamwambia: wewe una jukumu la roho za watu hawa, na huyu mwenzako anategemea maji. Mweleze kwa maneno yako unachotaka. Akaeleza. Alijikwaa, lakini alikuwa Kitunda. Ndipo nikamsomea alichoandika Hussein mahali hapo, sentensi moja tu. Akanyamaza, kisha akasema: "Mwalimu, huyu amesema vizuri kuliko mimi." Akaichukua. Tukaenda hivyo, usemi baada ya usemi, kila jioni kidogo. Kila mara alijaribu kwanza maneno yake, kisha akayaacha kwa hiari, kwa sababu ya mtunzi yalifanya kazi ileile kwa pumzi chache na kwa makali zaidi. Usiku wa maonyesho hakukosa neno. Baadaye alifundisha shule za msingi kwa miaka zaidi ya ishirini. Sikumpa kumbukumbu mimi, alikuwa nayo. Walimu wake wa awali walipima tumbo lake wakadhani wamepima kichwa.

Jaribio hilo ndilo lililonipa kipimo ninachokizungumzia. Mwombe mwigizaji aseme kwa maneno yake, kisha mpe ya mtunzi. Akiyapendelea ya mtunzi, usemi huo umetungwa vizuri, na utakaa. Akirudi kila mara kwenye yake, chunguza sababu. Huenda hajaelewa mhusika anataka nini, na ukimweleza maneno yatatulia. Lakini kama umemweleza, na umewabadilisha waigizaji watatu, na wote wanateleza palepale, basi kosa si lao. Hapo ni mtunzi ambaye hakumaliza kazi.

Katika *Kinjeketile* mahali pa namna hiyo ni pachache sana. Usemi ule ambamo Kinjeketile anatafakari juu ya neno linalozaliwa na mtu kisha likamtawala, ambao ungeweza kuwa mahubiri matupu, unashikika, kwa sababu fikra inapanda ngazi kwa ngazi na kila ngazi imefanywa na ile iliyotangulia. Na mwisho, anapotakiwa akane maji naye anakataa, maneno hayahitaji kukaririwa kabisa. Mtu aliyefika hapo na mhusika huyo hana jingine la kusema.

Si tamthilia zote za miaka ile zilizovuka daraja hili. Baada ya 1967 iliandikwa michezo mingi ya kusifu vijiji vya ujamaa, kupinga ulanguzi na kuhimiza kisomo. Makusudi yake yalikuwa mema, na mingine niliiongoza mimi. Lakini ilikuwa na tabia moja: ikifika ukurasa wa mwisho, mzee mmoja husimama akageuka mhutubiaji. Sikupata kumwona mwanachuo aliyeishika hotuba ya mzee huyo bila kuimeza. Sentensi ya tatu ingeweza kuwa ya saba, na ya saba ikawa ya kwanza, bila hasara. Hakuna aliyekuwa akiombwa wala kutishwa, na mzee hakutaka lolote kwa yeyote jukwaani, kwa kuwa alikuwa akizungumza na sisi. Mhakiki wa darasani angeupa mchezo kama huo alama nzuri za dhamira. Kinywa kiliupa sifuri.

Penina Muhando aliliona tatizo hilo mapema. Katika *Nguzo Mama*, ya mwaka 1982, alimpa kazi ya kusimulia mtu wa kusimulia, Bi Msimulizi, badala ya kumvisha mhusika kanzu ya mhubiri. Msimulizi ana haki ya kuzungumza na sisi, na anachokitaka kwetu kinajulikana: tusikilize. Wanachuo waliopewa nafasi hiyo waliishika kama washikavyo hadithi za bibi zao, kwa mdundo na kwa kuyatafuta macho ya watu.

Sasa nitoe ushahidi dhidi ya kipimo changu, kwani mizani isiyokubali kupimwa si ya kuaminiwa. *Mashetani* ya Hussein, ya mwaka 1971, ndiyo tamthilia iliyotutesa kuliko zote. Juma na Kitaru ni vijana wasomi, marafiki. Wanaanza kwa mchezo ambamo mmoja ni Shetani na mwingine Binaadamu, na baadaye tunafahamu kwamba mchezo ule haukuwa mchezo. Nyumba ya mmoja imeporomoka, ya mwingine inapanda, na urafiki umekaa juu ya ufa huo. Mazungumzo yao hayafuatani kama ya Kitunda. Mmoja anauliza jambo, mwingine anajibu jambo la pembeni. Vijana wangu waliteleza kila ukurasa. Je, mtunzi hakumaliza kazi?

Tulifanya jaribio letu. Nikawataka waseme kwa maneno yao, nao wakasema wazi yale ambayo Juma na Kitaru wanayaficha. Walipoisikia sauti yao wenyewe walishtuka: urafiki ulivunjika palepale, na mchezo ukaisha katika dakika tano. Ndipo walipoelewa kwamba kinachowaunganisha wahusika hawa ni kile wasichokisema. Majibu ya pembeni yalikuwa hatua za mtu anayezunguka shimo gizani. Tukalichora shimo: kila kijana aliandika kando ya kila usemi kile ambacho mhusika wake hataki kitajwe. Maneno yakaanza kukaa. Yalikaa polepole kuliko ya tamthilia nyingine yoyote, na hayakutoka. Kwa hiyo ninakisahihisha kipimo hivi: ulizia sababu ya neno kukaa, wala usihesabu siku lilizochukua.

Nilipofikisha miaka sabini na minne, wanafunzi wangu wa zamani, wenye mvi sasa, waliniomba niseme kipande cha Kinjeketile katika mkutano wao. Niliogopa, na sioni haya kusema hivyo. Majina ya wajukuu hunichanganya, na hutafuta miwani iliyo usoni. Mtu wa umri wangu akisahau jambo, hajiulizi kama atalikumbuka. Anajiuliza ni mlango gani umefungwa, na kama ni wa kwanza. Nilijiweka katika mikono ya mbinu zangu mwenyewe. Nilisoma tamthilia nzima kwa sauti mara mbili bila kujaribu kushika chochote. Nilinakili maneno yangu kwa mkono, pamoja na neno la mwisho la mwenzangu. Kando ya kila sentensi niliandika kitenzi kimoja: namzuia, namkumbusha, namkatalia. Nilianza na kipande cha mwisho, ili kila siku niwe naelekea mahali ninapopajua badala ya kuelekea gizani. Nilifunika karatasi na kujaribu kabla ya kutazama, hata nilipojua nitakosa. Hili la mwisho wachunguzi Roediger na Karpicke walilithibitisha mwaka 2006: waliosoma tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika tano, lakini baada ya wiki moja waliojijaribu waliwashinda. Nilisema maneno yangu nikipukuchua mahindi, nikifagia uwanja, nikipanda ngazi ya mlango. Nilipumzika siku moja katika kila tatu.

Zamani ningemaliza kazi hiyo kwa wiki mbili. Safari hii ilinichukua saba. Lakini niligundua jambo ambalo ujana haukunionyesha: uzee ulikuwa umeninyang'anya uwezo wa kumeza, ukaniachia ule wa kuhifadhi. Neno lisilo na sababu halikukaa hata dakika. Lenye sababu liliketi kama mgeni aliyekaribishwa. Kijana anaweza kubeba mizigo mibovu kwa sababu ana mgongo; mzee hana budi kuchagua.

Najua lipo pingamizi la haki. Mtoto wa madrasa huhifadhi kwa miaka kabla ya kuelewa, na maana humjia baadaye, akiwa mtu mzima, pengine kando ya kaburi. Jedwali la kuzidisha nalo ni hivyohivyo. Sikatai. Yapo maneno ambayo thamani yake imekwisha kuthibitishwa na vizazi, na kuyaweka ghalani mapema ni busara. Lakini tamthilia haijathibitishwa. Inathibitishwa kila inaposemwa. Anayeimeza ameinyima hukumu yake.

Kwa hiyo yule kijana mcheshi wa bwaloni namjibu kwamba walimu wale wawili ni mmoja. Mchana nilimkataza kumeza, na jioni nilimfundisha kuhifadhi. Na kwa walimu walio kazini nina ombi dogo. Mmewazoesha vijana kuichana tamthilia vipande: dhamira, ujumbe, wahusika, mandhari. Vipande hivyo humezwa kwa ajili ya mtihani, na jioni ya mtihani huwa vimetapikwa. Kabla ya kuuliza dhamira, wapeni wanafunzi wawili ukurasa mmoja wa mazungumzo na siku nne. Waambieni wasimame, watazamane, kila mmoja amtake mwenzake jambo. Kisha waulizeni ni mstari gani uliokataa kukaa, na kwa nini. Watakachowajibu ni uhakiki, hata kama hawalijui neno lenyewe.